Farsy na neema mbili

Nikiwa Kendu Bay, mji ambako vizazi vya Waislamu vimezungumza Kidholuo, nimeifungua tena Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy. Mzaliwa huyu wa Unguja, 1912, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tafsiri yake nzima ilipotolewa na Islamic Foundation, Nairobi, 1969.

Hebu tuitazame Bismillahi. Rahman na Rahim ni maneno ya mzizi mmoja. Farsy anayatenganisha kwa ukubwa na udogo wa neema. Ni maelezo ya mwalimu, tena mazuri: asiyejua Kiarabu anaelewa papo hapo. Lakini sikio linapoteza udugu wa maneno yale, na 'rehema' tunayo, ya mzizi uo huo! Sheikh Ali Muhsin Barwani, baadaye, ameishikilia rehema mara zote mbili.

Padri Godfrey Dale alitangulia kuitafsiri, 1923. Hata hivyo, darasani mimi huanza na Farsy, kwa sababu anaandika kama mtu anayejibu maswali barazani. Mabano yake mengi hunichosha, kusema kweli. Nikiyaruka, mara nyingi hurudi kuyatafuta.