Kigango si Sanamu: Tahakiki ya Jina

Katika maandishi mengi yahusuyo wizi wa urithi wa utamaduni, kitu kilichoibwa huitwa "sanamu" au "kazi ya sanaa". Majina hayo si matusi, lakini yana upungufu ambao mwalimu wa lugha hana budi kuuonyesha. Tuchukue mfano wa kigango cha Wagiriama wa pwani ya Kenya.

Kigango ni nguzo ya mti mgumu, yenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu, isimamishwayo kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Kwa wenyewe, hapo ndipo roho yake inapokaa. Kikisha kusimikwa hakihamishwi. Hata watu wakihama, huachwa kikaoza mahali pake. Tena sikio la Mswahili husikia ndani ya jina hilo kitenzi ganga, yaani kutibu au kuunga kilichovunjika. Neno "sanamu" labeba lipi kati ya hayo? Sanamu hununuliwa, hupamba ukumbi, huuzwa tena. Jina likisha kubadilishwa, mnunuzi haoni tena kwamba amenunua makao ya roho ya mtu.

Wapo wasemao kwamba heri makumbusho ya ng'ambo kuliko mchwa. Hoja hiyo yahifadhi mti, wala haihifadhi kigango, kwani kuozea pale kiliposimikwa ndiyo desturi yake.

Mwaka 1985 mtaalamu Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baadaye viliibwa. Mwaka 1999 mtaalamu mwenzake, Linda Giles, alionyesha picha za vigango vilivyokuwa katika makumbusho ya Marekani, na hatimaye vyote viwili vikatambuliwa: kimoja Illinois, kingine Chuo Kikuu cha Hampton. Vilirejeshwa, kimoja mwaka 2006 na kingine mwaka 2007, mzee akiwa amekwisha kufariki. Lililothibitisha haki yake ni picha moja na jina la mwenye mali.

Kurejeshewa peke yake hakutoshi. Kwetu Kongo twalijua hilo: kati ya 1976 na 1982 Ubelgiji ilitoa vitu 114 kutoka makumbusho ya Tervuren, na baadaye vingi viliibwa tena mjini Kinshasa. Mkataba wa UNESCO wa 1970 wazitaka nchi ziwe na orodha ya mali zao za utamaduni. Orodha hiyo itaandikwa na nani, na kwa maneno gani?

Ndugu walimu, hapo ndipo kazi yetu ilipo. Tuwatume wanafunzi kwa wazee wakaulize jina la kila kitu, matumizi yake, na nani aruhusiwa kukigusa. Mahali kilipo pasitangazwe ovyo, kwani hata mwizi husoma. Daftari hilo likae mikononi mwa wazee wenyewe. Na tusahihishapo insha, mwanafunzi aliyeandika "sanamu" tumwulize: yaitwaje na wenyewe?