"Watu wenye silaha wasiotambuliwa": habari zetu zinatufundisha nini juu ya bunduki?

Bandugu, nianze na asubuhi moja ya kwetu Mapendo, kabla vita haijaingia muji. Usiku tulisikia masasi karibu na nyumba, tukalala chini mpaka ikatulia. Asubuhi redio moja ya hapa ikasema mtu ameuawa na "watu wenye silaha wasiotambuliwa". Sentensi moja, kisha matangazo ya biashara. Mchana, redio ile ile ikawapa Wazalendo dakika nyingi za sifa. Hakuna aliyeuliza kama bunduki ya usiku na ile ya mchana zinaweza kuwa zimetoka mahali pamoja.

Sisemi zilitoka pamoja. Nasema hatukuuliza.

Kwa miaka hii yote, habari zetu zimekuwa na majina mawili ya kumuita raia mwenye bunduki: mzalendo na asiyetambuliwa. Wa kwanza tunampigia makofi, wa pili hana sura. Maswali ya kweli yanapotea katikati: nani amempa ile bunduki? Namba yake imeandikwa wapi? Nani ataichukua siku vita itaisha?

Tukumbuke kidogo. Mwaka 2021 serikali iliunda P-DDRCS, mpango wa kuwapokonya wapiganaji silaha na kuwarudisha katika maisha ya kawaida. Tarehe 3 Novemba 2022, Rais Tshisekedi akawaita vijana waingie jeshini na waunde vikundi vya ulinzi. Mwaka 2023 ikatoka sheria ya jeshi la akiba la ulinzi. Yaani mkono mmoja unakusanya silaha, mkono mwingine unaita vijana. Labda kuna sababu nzuri, nchi ilikuwa inashambuliwa. Lakini mimi sijawahi kusikia hayo mawili katika kipindi kimoja, mtangazaji akiuliza yanaendana vipi. Ile sheria yenyewe inasema juu ya watu walioandikishwa, wanaofundishwa, walio chini ya jeshi. Kwa redio na kwa WhatsApp ikafika kwetu ikiwa fupi: "vijana wameruhusiwa kushika bunduki."

Mwaka 2024 ikaja operesheni "Safisha muji wa Goma". Mulikumbuka picha: vijana wamekalishwa chini, bunduki zimepangwa mbele yao, kamera zinapita. Tuliona sura za vijana vizuri sana. Lakini bunduki, ambayo ndiyo ilikuwa ushahidi, haikuhojiwa. Mfuko wa mbegu za mahindi unaandikwa aina, mwaka na aliyezalisha. Mbegu zikikataa kuota, tunajua pa kuuliza. Bunduki inaua mtu na hatuulizi hata mfuko wake.

Halafu tarehe 27 Januari 2025 M23 ikaingia Goma. Picha zikazunguka: uniformu na bunduki zimetupwa barabarani. Habari zikatuambia nani ameshinda, nani amekimbia. Ni ngapi ziliokotwa, na ziko kwa nani leo? Hiyo haikupata dakika kumi.

Haya yote yanaingia kichwani mwa kijana. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ana miaka 19. Anajua majina ya majenerali, anajua sauti ya AK na ya bomu. Siku moja akaniambia: "Yaya, hauone? Kila kijana wa rika yangu iko na yake." Nikamuuliza: ukipewa, utairudisha kwa nani? Akanyamaza. Hakuna mtu aliyemfundisha kwamba hilo nalo ni swali. Si mjinga, anasikiliza habari kuliko mimi.

Najua wenzetu wanahabari wanafanya kazi shingo ikiwa kwenye kisu. Januari 2025 CSAC ilisimamisha Al Jazeera siku 90 baada ya kumhoji kiongozi wa M23. Kama kubwa inafungwa hivyo, redio ndogo ya kartie itasema nini? Mtu ana watoto. Kwa hiyo "wasiotambuliwa" mara nyingine maana yake ni "ninaowaogopa kuwataja". Hapo simlaumu.

Ila kuuliza bunduki imetoka wapi si kumtaja mtu. Siye tuliosoma tunasambaza zile video kama wengine, tena tunaongeza moto. Tungeweza kuanza hapo. Kabla ya kusambaza, tuulize hayo matatu: nani ametoa, nani ameandika, nani atachukua. Video isiyojibu hata moja haijatufundisha kitu juu ya ulinzi. Imetufundisha kuzoea bunduki tu.

Mdogo wangu bado yuko nyumbani. Juzi ameniuliza kama kwenye ile sheria kuna mahali imeandikwa namna ya kurudisha. Tumekaa, tunaisoma pamoja, polepole.