Kosa la Battersea: mbwa wa Stanley kwenye njia ya misafara

Mbwa mwenye nguvu nyingi aliyeokolewa hatafutiwi nyumba kwa kutazama nguvu zake peke yake. Hupimwa umri wake, pua na manyoya yake, jua la huko aendako, kazi atakayopewa na mtu atakayeishi naye. Mwaka 1874 msafiri Henry Morton Stanley alivipuuza vipimo hivyo vyote aliponunua mbwa watatu kwenye makao ya Battersea, London, ili awapitishe njia ya misafara inayoanzia Bagamoyo. Uamuzi huo ulikuwa mbovu tangu siku ya ununuzi.

Makao yenyewe yalikuwa kazi njema ya Mary Tealby, aliyeyaanzisha Holloway mwaka 1860 kwa ajili ya mbwa waliopotea na wenye njaa. Yalihamia Battersea mwaka 1871.

Stanley hawezi kutetewa kwa ugeni. Katika safari ya 1871, ile iliyomfikisha Tabora na Kwihara, farasi wake wawili walikufa karibu na pwani, na mbwa wake Omar akafa kabla ya kufika Ugogo. Aliyaandika hayo kwa mkono wake katika kitabu kilichochapishwa 1872. Miaka miwili baadaye akarudia kosa lile lile, tena kwa mbwa wengi zaidi.

Watatu hao waliitwa Nero, Bull na Jack. Nero alikuwa retriever, mbwa wa manyoya mazito na maji baridi. Jack, bull-terrier, ndiye aliyekuwa na mwili wa mbio. Bull alikuwa bulldog, na hapo ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hujipoza kwa kuhema, ulimi nje, hewa ikipita juu ya unyevu wa kinywa na pua. Pua ikiwa fupi, njia ya hewa ni nyembamba, na joto hubaki ndani. Mbwa wa namna hiyo akitembezwa juani pamoja na wapagazi, kila hatua inamchemsha. Ishara ilikuja mapema: Castor, mbwa mkubwa aliyetolewa zawadi na Baroness Burdett-Coutts, aliuawa na joto mwanzoni kabisa mwa safari.

Wako wanaomtetea Stanley kwa kusema kwamba Bull alitembea kama maili 1,500, akawa wa mwisho kufa. Hoja hiyo inageuza uvumilivu wa mbwa kuwa busara ya mwenye mbwa. Bull alikuwa mzee. Mwaka 1876, msafara ukishuka kutoka Karagwe kuelekea Unyamwezi, aliendelea kumfuata mbeba bunduki aliyezoea kutangulia mbele yake njiani. Alipepesuka, akaguna, akajikokota tena, mwishowe akalala katikati ya njia na kufa macho yakiwa bado yanatazama mbele. Aliyekuwa na haki ya kupumzika kivulini alipewa safari isiyokuwa na mwisho kwake.

Kuhusu mbung'o na nagana, ugonjwa wanaoueneza, Stanley asilaumiwe sana: daktari David Bruce alieleza chanzo cha ugonjwa huo baadaye, miaka ya 1890. Lakini mbwa wa kienyeji walikuwapo vijijini njia nzima: wembamba, manyoya mafupi, pua ndefu, waliozaliwa na kukulia katika jua hilo. Kwa ulinzi wa kambi usiku, hao walitosha kabisa. Vitabu vya wasafiri vimesifu mno ushujaa wa mbwa wa Ulaya na kuwapita hawa bila hata kuwatazama.

Leo, katika mtaa kama Cheyo, mjini Tabora, utaratibu sahihi wa kumpa mbwa nyumba ni mwepesi. Mbwa mchangamfu anahitaji ua wenye uzio imara, matembezi alfajiri kabla jua halijapanda, maji muda wote, na mtu mmoja wa kumfundisha kwa subira. Chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya kupe hutangulia. Mnyororo wa kutwa nzima humfanya mkali, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtaka mwenye mnyama asimtese. Mbwa mzee apewe nyumba tulivu, hata kama bado anarukaruka anapofunguliwa.

Jambo la mwisho ni ruhusa ya kurudisha. Mbwa hukabidhiwa kwa majaribio, na asipopatana na nyumba hupokelewa tena bila lawama, atafutiwe nyingine. Msafara uliokwisha vuka Ugogo haukuwa na pa kumrudisha mbwa.