Barbara Dane na Swali la Umilikaji wa Sauti

Wako ndugu wanaodhani kwamba msanii akiisha kuimba dhidi ya ubeberu, kazi yake imekwisha. Maisha ya Barbara Dane, mwimbaji wa bluzi na nyimbo za wananchi aliyezaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1927 na kufariki mwaka 2024, yanakataa fikra hiyo.

Bluzi ni muziki wa Wamarekani weusi, watoto na wajukuu wa watumwa. Dane alikuwa mzungu. Je, naye hakuwa miongoni mwa wanaovuna wasipopanda? Ni haki kuuliza. Lakini mwaka 1961 alifungua klabu yake San Francisco, na wakongwe weusi wa bluzi wakapata jukwaa hapo. Mwaka 1966 alitoa santuri pamoja na Chambers Brothers, kundi la ndugu weusi. Mwaka huohuo akaimba Kuba, nchi ambayo serikali yake ilikuwa imeiwekea vikwazo.

Vita vya Vietnam vilipopamba moto, hakuwaimbia wanafunzi peke yao. Aliwafuata askari wa Kimarekani katika migahawa iliyo karibu na kambi zao. Huo ndio uchambuzi sahihi wa kitabaka: askari wa kawaida ni mtoto wa mfanyakazi aliyepewa bunduki amlinde anayemnyonya. Wanaharakati wengi walimtukana askari; Dane alimpa wimbo.

Mwaka 1970 yeye na Irwin Silber walianzisha Paredon, kampuni ya santuri isiyomtegemea bepari. Hadi mwaka 1985 ilikuwa imetoa santuri 50 hivi, zikiwemo za MPLA ya Angola, za Vietnam na za Palestina, kila moja na kijitabu cha maelezo.

Hapa lazima tukosoe. Baadhi ya santuri hizo kijitabu ni kizito kuliko muziki, na mara nyingine risala imevikwa gitaa tu. Anayezinunua ni yule aliyekwisha kuamini. Linganisha na wimbo uliotoa jina la santuri yake ya mwaka 1973, ambao unatangaza chuki dhidi ya mfumo wa kibepari waziwazi. Haukutungwa na mwananadharia. Uliotunga ni uchungu wa Sarah Ogan Gunning, mke wa mchimba makaa ya mawe wa Kentucky, na ndiyo maana unachoma.

Mwaka 1991 hazina yote ya Paredon ilikabidhiwa Smithsonian, taasisi ya dola ileile iliyoshutumiwa katika santuri hizo.