"KA" si "NA": Neno juu ya Sarufi ya Askofu Steere

Edward Steere atajwapo huku Masasi, hukumbukwa kwanza kwa safari ya mwaka 1876, alipowaongoza kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makao yao hapa. Mwanasarufi humkumbuka kwa kitabu alichokitoa miaka sita kabla ya safari hiyo, juu ya Kiswahili cha Unguja. Humo alieleza kuwa -ka- huendeleza masimulizi, tena ina ndani yake nguvu ya "na". Neno la kwanza ni kweli tupu. La pili limezaa kosa ambalo tungali tukilisikia madarasani, kwamba "akaja" ni ufupisho tu wa "na alikuja".

Kosa hilo halistahimili majaribio mawili. Kwanza, twasema, "Kila siku huamka, akachota maji, akaenda shamba." Hapa hapana wakati uliopita hata kidogo. Basi -ka- haina wakati wake yenyewe. Huuazima kwa kitenzi kilichotangulia. Pili, tukitaka kukanusha, msimulizi hodari hasemi, "Tulimtafuta na hatukumwona," bali, "Tulimtafuta tusimwone." Kama -ka- ingekuwa "na" pamoja na -li-, ukanushi wake ungekuwa huo wa kwanza.

Kikorea chatusaidia kuliona jambo hili kwa upande wa pili. Katika "ireonaseo babeul meogeotda", yaani "aliamka akala wali", kiishio -seo hukifunga kitenzi cha kwanza na cha pili, na alama ya wakati uliopita hungojea kitenzi cha mwisho. Mkorea huweka wakati mwishoni, Mswahili huuweka mwanzoni. Wote wawili hawaoni haja ya kuurudia, wala ya kutia neno la kuunganisha katikati.

Huenda msomaji akauliza, kuna hasara gani? Tuseme mama amemfikisha mwanawe hospitali ya Mkomaindo, naye asema, "Alikula muhogo, akatapika, akalala." Karani akiandika, "Alikula muhogo na alitapika na alilala," mambo matatu yamesalia, lakini kamba iliyoyafunga kwa zamu imekatwa. Asomaye aweza kukisia utaratibu ule ule, ila sentensi haimlazimishi tena. Hata hivyo, tusiitwike -ka- mzigo usio wake. Yasema kwamba kutapika kulifuata kula. Haisemi kwamba muhogo ndio uliomtapisha. Hilo ni la mganga kulichunguza.

E. O. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikaribia zaidi alipoitazama -ka- kama alama ya tendo lifuatalo jingine. Si haki, lakini, kumlaumu Steere kupita kiasi. Yeye aliwaandikia wageni waliotaka kusema upesi, na "na" ilikuwa daraja la kuwavusha. Lawama ni yetu sisi, wenye lugha, tuliovuka kitambo na bado tumesimama darajani. Yatupasa kumfundisha mwanafunzi kuwa -ka- ni kiambishi cha ufuatano, kisicho na wakati wake, na ukanushi wake umo katika -si-. Akilijua hilo, hatamsahihisha tena nyanya yake asimuliapo hadithi.