Ballintubber: Kanisa na Watu Wake

Kati ya makanisa ya vijijini huko Ayalandi, machache yana historia inayosimuliwa kwa fahari kama Ballintubber, katika Kaunti ya Mayo. Jina hilo maana yake ni mji wa kisima, na mapokeo yasema Mtakatifu Patrisi alibatiza watu hapo. Mwaka 1216 Mfalme Cathal wa Connacht aliwajengea wakanoni wa Mtakatifu Augustino abasia, ambayo leo ni kanisa la parokia. Wenyeji huiita abasia iliyokataa kufa. Sifa hiyo inapendeza masikioni, ila naona imepelekwa kwa asiyestahili. Mawe hayakukataa chochote.

Tutazame yaliyotokea. Henri wa Nane alifunga nyumba za watawa na ardhi yao ikachukuliwa. Kisha mwaka 1653 askari wa Cromwell wakaichoma abasia, na paa la mbao likateketea. Sehemu ya altare ilisalimika kwa sababu dari lake ni la matao ya mawe. Basi padre alipopatikana aliadhimisha misa mahali pakavu, nao waumini wakapiga magoti kati ya kuta zisizo na paa, wakinyeshewa. Na huko magharibi ya Ayalandi mvua si mgeni. Ukumbi wao haukuezekwa tena mpaka 1966, yaani baada ya miaka 313.

Hapo ndipo msimulizi angepaswa kukaa, lakini hupita mbio. Mfalme aliyejenga tunamjua kwa jina. Waliolowa hatuambiwi hata walikuwa watu wa kazi gani. Walikuwa wakulima maskini wa mashamba ya kukodi, na kwa muda mrefu sheria za nchi ziliibana imani yao. Mwaka 1846 ukarabati ulianza, ukakatizwa na njaa kuu. Neno “ukakatizwa” ni jepesi mno: viazi vilioza shambani, na wale ambao wangebeba mawe walikuwa wanazikwa au wanapanda meli kwenda Marekani.

Waliokarabati mwaka 1966 nawasifu bila shaka yoyote. Waliacha ndani peupe na pasipo mapambo mengi, hata mtu akiingia huona kuta zilezile zilizonyeshewa.

Lakini wageni wengi hupelekwa kwanza kaburini kwa Seán na Sagart, mwindaji wa mapadre wa karne ya 18, na kuonyeshwa mti uliopasuka juu yake. Ni kisa cha kusisimua, nacho husimuliwa kama hadithi ya kutishia watoto. Kinachonishangaza mimi si mti. Seán hakuwa askari wa kigeni. Alikuwa mwenyeji wa eneo hilohilo, akiijua lugha ya majirani zake na njia walizopita usiku. Husimuliwa kwamba alipouawa, watu waliutupa mwili wake ziwani. Padre ndiye aliyewaamuru wakautoe majini na kumzika Ballintubber, katika ardhi iliyobarikiwa, pamoja na wale aliowawinda.