Armand Alibaki: Kusoma "Petit Pays" Tukiwa Kanyosha

Riwaya ya Gaël Faye, Petit Pays, ilitoka Ufaransa mwaka 2016, na mwaka ule ule wanafunzi wa lise za huko wakaipa tuzo yao, Goncourt des lycéens. Imetafsiriwa kwa lugha nyingi, na mwaka 2020 Éric Barbier akatoa filamu yake. Pamoja na sifa zote hizo, hapa kwetu Kanyosha tuna nakala moja tu, isiyo na jalada, inayotembea mkono kwa mkono. Katika kikundi cha vijana ninachokisimamia tuliisoma kwa sauti, Jumamosi kwa Jumamosi: mmoja anasoma Kifaransa, mwingine anageuza kwa Kiswahili, wengine wanabisha. Ninayoandika hapa yametoka kwenye mabishano hayo. Mwisho wa hadithi nitautaja, maana hoja yangu iko pale.

Kwa asiyeisoma: Gaby ni mtoto wa Bujumbura, baba Mfaransa, mama mkimbizi wa Rwanda. Wanakaa Kinanira mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye njia isiyotokea upande wa pili. Kinanira si mbali, ni huku huku kusini mwa jiji, mtu wa Kanyosha anaweza kwenda kwa mguu. Gaby ana marafiki zake, Gino, Armand na mapacha wawili. Wana gari bovu la Volkswagen ambalo ndilo makao yao makuu. Wanaiba maembe kwenye bustani ya jirani, halafu wanaenda kumuuzia jirani yule yule. Hapo kikundi chetu kilicheka mpaka kusoma kukasimama, na kila mmoja akawa na kesi yake ya maembe ya kusimulia, wa Uvira, wa Fizi, wa Minembwe.

Faye anafanya jambo ambalo waandishi wengi wa vita hawalifanyi: hana haraka. Anajua kwamba Oktoba 1993 Rais Ndadaye atauawa, anajua kwamba Aprili 1994 inakuja Rwanda, lakini anakaa kwanza kwenye embe, kwenye sherehe ya kuzaliwa, kwenye kabare ambako watu wanakunywa gizani na kusema yale wasiyothubutu kuyasema mchana. Hayo anayaandika kwa uzito ule ule anaoyapa mauaji. Na ni haki. Sisi wakimbizi tumezoea kuulizwa tulikimbia nini na tarehe gani. Hakuna anayetuuliza tulikuwa tunakula nini jioni, na nani alikuwa anatuchekesha. Kitabu hiki kinauliza, na kwa hilo peke yake kinastahili kusomwa.

Sasa nibishe.

Kwanza, raha ya nani? Kuna sura ya baisikeli. Ya Gaby inaibwa, inauzwa, inaishia kwa familia maskini huko mashambani ambayo imeinunua kwa pesa yake halali kwa ajili ya mtoto wao. Gaby anakwenda kuichukua akiwa na wafanyakazi wa baba yake, Innocent na Donatien. Donatien, ambaye ni Mzairwa, ndiye anayeona aibu. Dada mmoja wa kikundi aliuliza: "Na yule mtoto wa kijijini, jina lake nani?" Tukarudi nyuma kutafuta, hatukupata chochote cha kutushibisha. Namsifu Faye kwa kuiweka sura hiyo, maana hakulazimika. Ila mtoto yule anapita mara moja na anapotea, na sisi tunabaki na majuto ya Gaby. Msomaji wa Kanyosha anajua vizuri zaidi ilivyo kuwa mtoto yule.

Pili, na hili ndilo kubwa: katika kitabu hiki raha zote ziko nyuma. Kuna kabla na kuna baada. Kabla kulikuwa na maembe na marafiki, baada kuna Ufaransa, treni na mtu mzima asiyepata usingizi wa kumbukumbu. Urafiki wa zamani umekuwa kama picha ukutani. Namwelewa, yeye aliondoka mwaka 1995 akiwa bado mtoto. Lakini wakati hauendi hivyo kwa watu waliobaki.

Kwetu wakati unazunguka. Kiangazi, Juni mpaka Septemba, ni vumbi mpaka kwenye meno, lakini uwanja ni mkavu na mpira hauna visingizio, na jioni upepo unapanda kutoka ziwani. Mvua zikirudi, mto Kanyosha unakula kingo zake, na kuna watu wanaohesabu hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye korongo. Mvua hiyo hiyo inakuja na maembe. Hata ndani ya mwezi mmoja kuna misimu: mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawapati ndagala, maana taa zao hazishindi mbalamwezi, basi bei inapanda na watu wanakula sombe tupu. Giza likirudi, ndagala wanarudi. Hakuna mama hapa anayelia kwamba ndagala wa zamani wameisha. Ananunua kidogo, anagawa na jirani, anasubiri giza.

Hapa kuna jambo linaloniumiza kazini. Vijana wengi ninaokaa nao waliacha kuishi ili wasubiri. Faili iko kwenye ofisi fulani, mahojiano yamefanyika, basi hakuna haja ya kujifunza gitaa, hakuna haja ya kumtembelea rafiki wa Musaga, maisha yataanza tukifika. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mwezi uliofuata watu wa Kivu ya Kusini wakavuka kuja Burundi kwa makumi ya maelfu, wengine kwa kuogelea Ruzizi. Kwa hiyo waliotaka kuondoka wamekwama, na waliotaka kubaki kwao wamefika hapa. Katika hali hiyo, kitabu kinachosema kwamba raha ni kitu ulichokuwa nacho utotoni kinaweza kumuumiza kijana mara ya pili. Huyu hana hata utoto wa Kinanira wa kuukumbuka.

Lakini riwaya yenyewe ina jibu, ingawa mwandishi halipi nafasi. Jibu linaitwa Armand.

Vita inapofika kwenye njia yao, kundi lile la maembe halivunjiki kwanza. Linageuzwa. Gino na Francis wanataka kundi liwe la ulinzi, halafu la silaha. Baba yake Armand anauawa, na katika kulipiza kisasi Gaby anasukumwa na marafiki zake mwenyewe kumchoma mtu kwa moto. Sehemu hii tuliisoma mara mbili na hakuna aliyebisha. Watu wazima wa kartie zetu wanaijua bila kuisoma: vijana wanaopendana ni nguvu iliyo tayari, na wasipoipa kazi yao wenyewe, kuna mtu atakuja kuwapa yake. Kwa hiyo mpira wa kiangazi na sufuria ya ndagala ya watu sita si michezo ya kupoteza muda. Ni namna ya kundi kubaki la wenyewe. Sisemi inatosha, kundi la Gaby lilikuwa na raha kuliko sisi sote na bado lilichukuliwa. Nasema bila hiyo hatuna hata cha kuchukuliwa.

Mwishoni Gaby anarudi Bujumbura, mtu wa miaka thelathini na tatu, na anayemkuta ni Armand. Yule aliyeuliwa baba ndiye aliyebaki. Wanakaa kabare, wanakunywa, wanakumbushana. Halafu kitabu kinamwacha Armand na kumfuata Gaby tena, kwenye jambo zito linalomhusu mama yake. Naelewa kwa nini. Lakini nilitaka kurasa hamsini za Armand. Miaka ile ishirini alikula nini? Alicheka na nani mwaka 1996, mwaka 2003? Alijifunzaje kukaa kwenye kabare ile ile, mtaa ule ule, na kuagiza kinywaji kama watu wengine? Mtu aliyejua hilo ana elimu ambayo mimi naitafuta kila Jumamosi.

Kisomeni kitabu hiki, nakala ipo, mtaipanga foleni. Ni kizuri kuliko vingi vilivyoandikwa kuhusu sisi. Ila mkifika kwa Armand msipite haraka kama Faye alivyopita. Sisi tumeanza daftari: kila anayemaliza kusoma anaandika ukurasa mmoja wa maisha ya Armand kati ya kuondoka na kurudi kwa Gaby. Kurasa ziko kumi na moja mpaka sasa. Karibu zote zina chakula ndani yake, na nne zina mvua.